Mdomo Uliotafuna Mchana wa Ramadhani

Mjukuu wangu ni fundi wa kushona hapa sokoni Isiolo, na sisemi hivi kwa sababu ni wangu: diraa, lile gauni letu pana, akishona yeye, wanawake wanatoka mbali, hata Garba Tulla, kuifuata. Miaka tisa alikuwa anameza dawa za akili, tangu sauti zimwingie kichwani akiwa shule. Akameza, akatulia, akashona. Mimi nikatembea shingo juu.

Halafu mdomo ukaanza. Ulimi unasukuma shavu, taya inazunguka kama ya ngamia anayecheua. Mwenyewe mara nyingi hata hajui. Nilinyamaza, lakini Ramadhani ikafika, na mtaani kwetu mtu akionekana anatafuna mchana wa Ramadhani, macho yote ni kwake.

Siku moja baada ya alasiri, jirani yangu akanisimamisha kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake.

"Mama, huyo msichana wako anatafuna miraa mchana kweupe."

"Miraa gani? Njoo umkague meno!"

"Sasa anatafuna nini? Hewa?"

Wakacheka. Nikaacha mtungi hapo hapo, nikaenda mpaka kwenye cherehani yake.

"Fungua mdomo."

Akafungua. Hata jani moja hakuna. Ulimi unacheza peke yake kama mjusi.

"Akko," akasema, maana sisi Waborana ndivyo tunavyomwita nyanya, "ni dawa inafanya hivi. Nitamwambia daktari nikienda."

"Achana nazo. Ulipona kitambo."

"Na ugonjwa ukirudi?"

"Nani amekulea, mimi au daktari?"

Akaacha siku ile ile. Huyo mtoto hajawahi kunikatalia kitu.

Wiki ya kwanza uso ulichangamka, nami nikajisifu. Wiki ya tatu mdomo ulitafuna kuliko zamani, na sauti zikarudi. Hazikurudi vile zilivyoondoka. Shuleni alikuwa anasikia mtu mmoja anamwita. Sasa alisema ni mnada mzima wa ng'ombe, kila mtu anapiga kelele jina lake. Akakata nguo za wateja vipande vipande, akatoka bila viatu akielekea mashamba ya Burat. Wenye mashamba ndio walimrudisha.

Hospitalini tulimkuta muuguzi, mwanamke wa Kimeru.

"Kwa nini uliacha dawa? Si tulikuambia usiache hivyo tu?"

Msichana akaangalia chini. Hakunitaja. Nami nimekaa kwenye benchi na buibui yangu safi. Muuguzi akamuuliza tena. Hapo nikasema, "Usimgombeze. Mimi ndiye nilimwachisha."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Haya shosho, sogea hapa. Kwa ubongo kuna kitu inaitwa dopamini. Ikizidi, inaweza kuleta hizo sauti. Dawa inaizuia. Lakini ukiizuia miaka mingi, ubongo wa watu wengine unaongeza masikio ya kuitafuta. Sasa ukitoa dawa ghafla, hata dopamini kidogo inasikika kama radi. Hata huo mdomo, tunafikiri unatokea hapo hapo."

Nikafikiria mbuzi. Mbuzi ukimnyima chumvi muda mrefu, anainusa kutoka mbali, na ukimwachilia siku moja atailamba mpaka imuue. Unampa kwa kiganja, kidogo kidogo. Hiyo kazi nimeifanya tangu utoto.

"Hii naijua," nikamwambia. "Kama ungenieleza kama chumvi ya mbuzi, nisingemwachisha."

"Shosho, kama ungeniuliza, ningekueleza."



Walimrudishia dawa. Baadaye daktari akambadilishia aina nyingine, polepole, miezi mingi. Sauti zimepungua, hazijaisha. Amerudi kwenye cherehani. Mdomo bado unatafuna, na wamesema huenda usiache kabisa.

Ramadhani iliyofuata sikungoja kusimamishwa. Nilienda kwenye bomba mwenyewe.

"Sikieni. Yule msichana anameza dawa, na dawa ndiyo inatafuna. Mwaka jana niliona haya mbele yenu, nikamwachisha, akarukwa na akili. Kosa ni langu. Anayetaka kukagua meno aanze na yangu, yamebaki manne."

Hakuna aliyecheka. Jirani yangu akafunga mtungi wake, akauliza kwa sauti ya chini kama msichana wangu bado anapokea kazi ya kushona nguo za Idd.

"Kamuulize fundi," nikamwambia. "Yuko kazini."