Amina ya Kasuku Wetu

Sifa ni kwa Mungu, aliyewaumba ndege kabla yetu, akanifikisha uzeeni nikiwa bado na mdomo wa kumshukuru.

Nyumbani kwetu Queensburgh tuna kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Asili ya ndege hawa ni misitu ya kwetu Kongo, lakini huyu alizaliwa hapa hapa Durban. Mke wangu alipewa na jirani aliyekuwa akihama. Hakumfundisha neno lolote. Ni ndege mwenyewe, kwa kusikiliza maombi yetu ya jioni, aliyeshika moja: Amina. Alilishika kwa sauti ya mke wangu, akiivuta silabi ya katikati kama mwenyewe alivyoivuta. Mtu akisema maneno mengi kisha akanyamaza, kasuku hudhani sala imekwisha, naye huitikia.

Mke wangu amelala katika Bwana. Sauti yake imebaki.

Majira ya baridi yaliyopita kasuku alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Binti yangu, ninayeishi naye, mwenye saluni mjini, akataka tumkatie bima ya afya. Alisema madaktari wa ndege ni wachache na ni ghali, na siku tukikwama tutajuta. Nikamwambia mlinzi wa kasuku ni Mungu.

"Papa, wewe unaomba Mungu na unameza dawa ya presha," akasema. "Kasuku amekosa nini?"

Hapo alinishinda. Nikakubali wakala wa bima atupigie simu, binti akaiweka mezani kwa sauti ya juu, tukazungumza kwa Kiingereza. Niliuliza kuhusu manyoya. Wakala akasema ugonjwa uliotangulia bima haulipiwi. Na akifa? Akajibu kwa upole kwamba nitalipwa thamani yake, ninunue mwingine wa aina ileile.

Mwingine. Yeye akaendelea kusoma masharti, marefu kama litania, mwisho akauliza kama tumekubali, akasubiri.

"Amiiina," ikasema sauti kutoka tunduni.

Waumini wa hapa husema Ameni, kwa hiyo wakala hakupata shida kuelewa. Akamshukuru "mama wa nyumba", akaaga.

Binti yangu alicheka hadi akashika meza. Mimi nilimwambia apige tena. Wakala akashikilia lake: mazungumzo yamerekodiwa, na mama wa nyumba amekubali.

"Mama huyo tulimzika," nikasema. "Uliyemsikia ni kasuku. Sasa niambie, mwingine wa aina ileile nitamnunua wapi?"

Akanyamaza. Kimya kikawa kirefu, na kasuku akaitikia tena. Wakala akaufuta mkataba bila kubishana.

"Papa, uko na kichwa nguvu," binti yangu akasema, lakini alikuwa akipangusa macho.

Acha kiwe nguvu. Mwenye ndege mchanga na mzima akikata bima simlaumu, huenda ikamfaa. Mimi, hapana. Nilimpeleka mwenyewe kasuku kwa daktari wa ndege, tundu magotini ndani ya taksi, dereva akiuliza kama abiria huyu naye analipa nauli. Daktari aliniuliza habari za nyumba yetu, akasema huenda ni harufu ya dawa za nywele inayomsumbua. Sasa binti yangu akitoka saluni hubadilisha nguo kabla ya kumkaribia, na tundu limehamia kwenye dirisha la chumba changu. Manyoya yameanza kuota. Kile ambacho kampuni ingechukua kila mwezi nakiweka kando kwa ajili ya daktari. Na siku Mungu atakapomchukua, atakuwa amechukua kilicho chake. Sitapokea hela badala ya sauti ile.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie kile ambacho hakuna dukani, na nyumba yako isikose wa kuitikia sala yako.