Goli la Ushindi Alifunga Yeye, Basi la Kurudi Hakupanda

Wewe. Ndiyo, wewe mwenye gari la bluu.

Ulikuwa unakwangua barafu kwenye kioo. Nilikuona.

Kioo kilishatakata zamani. Kilikuwa kimeng'aa kiasi cha kujinyolea ndevu. Lakini ukaendelea kukwangua, kwa sababu ungegeuka tu ungemwona dogo amesimama kwenye theluji na begi lake, na basi letu linaondoka bila yeye.

Dogo yuleyule aliyetoka kutufungia goli la ushindi. Ugenini. Kwa penalti.

Hukutaka kuona. Basi leo utasoma.

Naitwa Verla Stasko. Hapa Ardleigh mnanijua, yule mama wa nyumba ya kijani anayeuliza maswali mikutanoni mpaka watu wanaanza kuvaa makoti. Shule niliacha mapema, sheria za klabu nimejisomea mwenyewe jikoni huku viazi vinachemka. Kichwa changu hakina diploma. Ila hakisahau kitu.

Miaka mingi nimelea wachezaji wa timu yetu ya vijana ya hoki ya barafu. Wanakuja watoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba, kutoka mbali huko. Klabu inawagawa majumbani kwetu. Tunawalisha, tunawaamsha waende shule, tunawafulia soksi ambazo hata mbwa akizinusa anaomba kutoka nje.

Timu inaitwa Bundi. Na msimu ule tulicheza kama jina letu. Kila tulipotua, msiba.

Kolby Hrenyk alikuwa kwangu msimu wa pili. Miaka kumi na saba, mkimya, anakula kama trekta. Kwao ni mji wa migodi kaskazini kabisa.

Ndoto yake haikuwa hoki. Alitaka kuwa fundi wa ndege. Chuo kilishamkubali kwa sharti moja tu: afaulu mtihani wa fizikia Januari hiyo.

Aisee, fizikia ilimtoa jasho kuliko hoki. Jioni zote yuko mezani kwangu, penseli mdomoni, anaitazama karatasi kama imemtukana.

Mwanzoni mama yake, Lorna, aligoma kabisa kumwachia mtoto aje huku. Ndipo Rand Fehrling akaja jikoni kwangu. Rand ndiye kocha wetu, na ndiye meneja wetu, maana klabu inapenda mtu mmoja mwenye kofia mbili, akikosea moja anavaa nyingine. Akafuta sahani mbili za perogi zangu, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, akafuta mdomo, akamwambia Lorna kwenye simu:

"Dada, mwanao atamalizia shule hapa. Nikimtoa kabla hajamaliza, Verla anipige kikaango."

Lorna akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikariri.

Maana kila Januari kuna dirisha. Klabu zinabadilishana wachezaji kama mnada wa ng'ombe, tofauti ni kwamba ng'ombe hana mtihani wiki ijayo. Dirisha linafungwa saa kumi jioni. Saa kumi ikipita, mtoto habanduki mpaka msimu uishe.

Mwaka huo siku ya kufunga dirisha iliangukia Jumapili, nasi tulikuwa na mechi ya mchana ugenini, Castor Hill.

Nyinyi mlikwenda kutafuta ushindi. Mimi nilikwenda kutazama saa.

*

Nyuma yangu jukwaani aliketi mama mmoja wa Castor Hill. Mkono mmoja kengele ya ng'ombe, mkono mwingine mbegu za alizeti, mdomo hauna likizo.

"Namba kumi na tisa!" anampigia kelele Kolby. "Hivyo viatu umeazima kwa dada yako?"

Nikageuka. "Mama, punguza. Utatuyeyushia barafu."

"Kwani huyo ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi mfundishe kusimama. Anateleza kama ndama aliyezaliwa asubuhi hii."

"Na nyinyi golikipa wenu amekaa kama anangoja daktari wa meno."

Akatema ganda la alizeti, akacheka. Mchezo wetu ndivyo ulivyo. Unatukana, unatukanwa, mnanunua kahawa kwenye foleni moja.

Kabla ya kipindi cha tatu, ndicho cha mwisho, nikaenda kwenye hiyo foleni. Pembeni ya dirisha la chipsi namwona Rand amesimama na meneja wa Castor Hill. Wanapeana mikono. Wanacheka.

Rand akaniona, akainua kikombe. "Verla! Perogi lini?"

"Saa kumi ikishapita," nikamjibu.

Akacheka. Yule mtu ana kicheko kizuri, sijui anakinunua wapi.

Tukarudi kukaa. Tulikuwa nyuma, tatu kwa mbili. Kolby akakipora kile kisahani cheusi, ambacho kwetu ndicho mpira, kwa beki wao, akamsukumia mwenzake, goli. Tatu kwa tatu. Wa kwetu tukaruka, mbegu za alizeti zikaruka, na yule mama nyuma yangu akaitukana kengele yake mwenyewe.

Muda wa nyongeza. Mimi siangalii mchezo. Naangalia saa ya ukutani juu ya tangazo la mbolea.

Saa kumi.

Saa kumi na dakika moja.

Nikapumua hewa niliyokuwa nimeibana tangu Krismasi. Nikamkumbatia mtu aliyekuwa karibu, naye bahati mbaya alikuwa Pihl, mwenyekiti wa klabu. Mimi na Pihl hatujasalimiana tangu alipopiga kura maktaba yetu ifungwe. Nilimkumbatia hivyo hivyo.

Pihl akakauka kama samaki wa kwenye friza.

Nikadhani ni aibu.

*

Muda wa nyongeza ukaisha bila goli. Penalti, watatu kwa watatu. Mchezaji peke yake na kisahani, golikipa peke yake na dhambi zake.

Wa kwao wa kwanza, kipa wetu akapangua kwa goti. Wa kwetu wa kwanza akagonga mwamba. Wa kwao wa pili akapaisha. Wa kwetu wa pili, naomba nisimtaje, alijikwaa akiwa peke yake. Wa kwao wa tatu, kipa wetu akadaka kama anadaka nzi.

Akabaki Kolby.

Ukumbi mzima unazomea. Yule mama nyuma yangu amesimama juu ya benchi: "Rudi kwa mama yako ukanyonye!"

Kolby akaja polepole. Polepole ya kuudhi. Kama mtu anayekwenda kufungua mlango na hajui nani amegonga. Golikipa wao akashindwa kungoja, akajitupa upande mmoja. Kolby akavuta kisahani upande wa pili, akakinyanyua kwa upole, kikaingia juu.

Sisi, tuliokuwa wa kuhesabika kwa vidole, tukapiga kelele za mji mzima.

"Mshenzi huyu," yule mama akasema, anakaa chini. "Ila ana mikono."

Ulinikumbatia siku ile, wewe wa gari la bluu. Ulisema, "Kijana wetu!" Ulisema *wetu*.

*

Nje magari yote yamechomekwa umeme kama simu ili injini zisigande, baridi inakata pua. Nafungua simu, klabu imeshaweka picha: Kolby mikono juu, mdomo wazi. "USHINDI! Bundi wamerarua Castor Hill!"

Wachezaji wakapanda basi wakiimba. Kolby akatoka wa mwisho, begi begani, fimbo mkononi.

Rand alikuwa amesimama mlangoni mwa basi. "Kolby, ngoja kwanza, mwanangu. Usipandishe begi."

Dogo akatabasamu. Alidhani anasubiri kupongezwa.

Meneja wa Castor Hill akasogea, akampigapiga begani. "Umetuua leo, dogo. Kuanzia Jumatano utawaua wengine kwa niaba yetu."

Nikasikia. Nikafika pale sijui kwa miguu ya nani.

"Rand, saa kumi imepita."

"Tulisajili mapema, Verla. Kabla ya kipindi cha tatu."

"Kabla ya kipindi cha tatu? Na ukamwacha acheze?"

"Tulihitaji pointi."

Nikamgeukia yule meneja mwingine. "Na wewe ukakubali mchezaji wako akufunge?"

"Tulitaka kumwona kwenye presha," akasema. "Hata lori la mtumba unalijaribu kwanza."

Kuna watu walicheka. Watatu. Ninawajua kwa majina, na wao wanajua ninawajua.

"Umembadilisha na nini?" nikamuuliza Rand.

"Beki wa miaka ishirini. Mzoefu. Na kitu kitakachotajwa baadaye."

"Kitu gani?"

"Kitatajwa baadaye."

"Kwa hiyo unampigia Lorna simu unamwambia mwanao nimembadilisha na kitu ambacho bado hakina jina?"

Rand akatazama magurudumu ya basi. "Ndiyo lugha ya biashara hii, Verla. Usiikuze."

"Kikaango changu kiko nyumbani. Shukuru."

Kolby hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alisema tu, "Kocha, vitabu vyangu viko kwa Mama Verla."

"Tutavituma."

"Mtihani ni wiki ijayo."

"Shule ziko hata huku, mwanangu."

"Ukimwita hivyo tena," nikamwambia Rand, "nitakusahaulisha jina lako."

Dereva akapiga honi. Kipa wetu akaweka kiganja kwenye kioo cha basi. Wimbo ukafa. Basi likaondoka. Pihl alikuwa ameshapanda, kiti cha mbele, macho kwenye simu.

Na nyie, wapenzi wa timu, ndipo mlipogundua vioo vya magari yenu vina barafu. Kwangua, kwangua, kwangua. Sijawahi kuona mji una bidii namna ile.

Tukabaki mimi na dogo.

Akaja mtu anavuka maegesho, funguo mkononi, kengele ya ng'ombe kwapani.

Yule mama.

"Nimeambiwa nije kumchukua mchezaji mpya," akasema. "Hawakuniambia ni nani."

Akamtazama Kolby. Kolby akamtazama.

"Wewe ndiye wa viatu vya dada yangu," Kolby akasema.

Uso wa yule mama ukawa mwekundu kupita baridi. "Ndiyo mimi. Naitwa Gwenda. Chumba nilikiandaa asubuhi... yale ya jukwaani, dogo, yale ni ya jukwaani."

"Najua, mama."

Akanigeukia, sauti imeshuka mpaka chini. "Anakula nini?"

"Kila kitu. Uyoga hapana. Asubuhi usimsemeshe kabla hajala. Fizikia ikimshinda, mwambie achore kwanza."

"Mimi fizikia siijui."

"Hata mimi siijui. Kaa naye mezani tu."

Akawa anarudia kwa midomo, kama mtu anayejifunza sala. "Uyoga hapana. Achore kwanza."

Kolby akanikumbatia. Kisha akaingia kwenye gari la mtu asiyemjua, kwenye mji uliomzomea, akiwa bado na jasho la kutushindia sisi.

Kabla sijafika nyumbani klabu ikaweka picha nyingine. Ileile. Mikono juu, mdomo wazi. Safari hii chini yake: "Tunamshukuru Kolby kwa mchango wake, tunamtakia kila la heri."

Hata picha ya kumuaga walibana matumizi.

*

Vitabu nilivipeleka mwenyewe kesho yake. Lakini Castor Hill walikuwa na safari ya mechi za ugenini, dogo akashuka kwenye basi akaingia kwenye chumba cha mtihani na nguo zilezile za safari.

Gwenda ndiye aliyenipigia. Alikuwa analia, mama wa kengele. "Alichora michoro yote, Verla. Akasinzia katikati."

Alifeli kwa alama chache. Chuo kimempa mtu mwingine nafasi yake.

Yule beki mzoefu? Alivunja mfupa wa bega mwezi wa pili. Tukamaliza tukiwa wa pili kutoka mkiani, hata na zile pointi za Castor Hill.

Na kile kitu kimeshatajwa. Rand alinipigia wiki iliyopita, kicheko kilekile, kuniomba nikipe chumba cha Kolby.

Ni mtoto mwingine.

Ana miaka kumi na tano.

Funzo mnalitaka? Mji unaomshangilia mtoto akishinda na kumgeuzia kisogo akiachwa, haukumshangilia. Ulikuwa unajishangilia wenyewe, yeye aliazimwa uso tu.

Sasa sikiliza. Mkutano wa mwaka wa klabu ni Jumanne, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa la Kilutheri. Ukiwa na tiketi ya msimu, una kura. Hoja yangu ni sentensi moja: mwanafunzi habadilishwi katikati ya mwaka wa shule bila ridhaa yake na ya mzazi wake.

Nimeshaitoa mara tatu. Mara ya kwanza ni walipomwondoa yule kipa wetu wa zamani mwenye kigugumizi, siku yake ya kuzaliwa, keki iko mezani. Mara ya pili ni wale mapacha waliotenganishwa. Mara ya tatu mliomba nikae chini kwa sababu supu inapoa.

Kila mara Pihl anauliza, "Nani anaunga mkono?" Na ukumbi mzima unachungulia vikombe vya kahawa. Kwa sheria yetu, hoja isiyo na mtu wa pili inakufa palepale. Haipigiwi hata kura.

Siombi ukumbi mzima. Naomba mtu mmoja.

Usiniandikie hapa "pole Verla." Usiniwekee kidole gumba. Jumanne Pihl akiuliza, nyanyuka kwenye kiti, toa mikono mfukoni, sema unaunga mkono, kwa sauti ileile uliyopigia kelele lile goli.

Na kabla hujaiweka chini hiyo simu, nitumie jina lako nijue nani anasimama nami.

Wewe wa gari la bluu, nakuanza wewe. Andika.