Toleo Jipya la Mchezo wa Kisima

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Nikinunua maziwa sokoni Omurushaka, nayaonja kwanza mbele ya muuzaji. Mtu akinisifia gauni, najiuliza anataka kuazima nini. Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia simu kazini Alhamisi moja, akipaza sauti kwamba amevuka daraja la minyororo, sikumpongeza. Nilimuuliza, "Umevukaje?"

Kaka yangu ni fundi cherehani. Mwaka jana alianguka na bodaboda karibu na kwetu Ihanda, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga vizuri, lakini mshipa wa fahamu ulikatika kwenye kifundo cha mkono, na vidole vitatu, gumba likiwemo, vikalala. Fundi asiyeweza kushika mkasi si fundi tena. Alifunga duka lake, akarudi nyumbani kwa mama, akawa anakaa barazani akitazama migomba. Mimi kazi yangu hospitalini ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, kwa hiyo mkono ule ulikuwa wangu.

Nilimletea kompyuta ya mtumba yenye mchezo niliopewa na mfanyakazi mwenzangu. Kijitu kilichovaa kofia ya chuma kinapanda kutoka ndani ya kisima kirefu. Kikiguswa na kitu chochote, mara moja tu, kinaporomoka hadi chini kabisa na unaanza upya. Hakuna kupumzika katikati, hakuna huruma. Waliutengeneza watu wawili tu, huko mbali, na nina hakika hata mama zao walichoka nao. Unashika padi, kidude chenye vitufe, kwa mikono miwili: kwa wa kushoto unakitembeza kijitu, kwa wa kulia unakirusha na kukishikiza kwenye mawe.

"Saa moja kila siku," nilimwambia, "na kuruka uruke kwa gumba la kulia. Usiusaidie kwa kushoto, utauzoesha uvivu."

Alitii. Kwa miezi minane alianguka kwenye daraja lile lile la minyororo, katikati ya kisima, na kila jioni alinipigia kunieleza alivyoanguka.

Kisha likatoka toleo jipya, ambalo wachezaji walikuwa wamelisubiri kwa hamu. Kaka alipanda bodaboda na kompyuta yake mgongoni hadi Omurushaka, kwa fundi simu mmoja mwenye mtandao wa kasi, akakaa hapo asubuhi nzima likipakuliwa. Siku mbili baadaye ndipo akanipigia ile simu ya daraja.

Siku mbili! Wakati wa chai nilitafuta kwenye simu orodha ya mabadiliko. Ilikuwa ndefu, yote kwa Kiingereza. Wameongeza vyumba, wameongeza popo wanaorusha moto, wamesahihisha hiki na kile. Mimi nilikuwa natafuta jambo moja tu, na nililipata: sasa mchezaji anaweza kuwasha msaada, na kijitu kikaguswa hata mara kumi bila kuanguka. Sikuendelea kusoma. Nimekukamata, mzee, nilisema moyoni.

Nilikuwa na hakika, na hapa ndipo penye aibu yangu. Kila mwezi nilimfumbisha macho nikamchoma vidole kwa ncha ya pini, aniambie akisikia. Alikuwa anasema "nasikia" kabla sijamgusa. Kufikia mwezi wa tatu wa mazoezi nilijua kwamba vile vidole havirudi. Nilimwambia anaendelea vizuri, avute subira. Nilijipangia kumwambia ukweli baada ya Krismasi, kisha baada ya Pasaka, kisha baada ya mavuno ya kahawa. Ukweli sikuusema, na hata hivyo nikawa namshuku yeye kwa udanganyifu.

Jumamosi nilifika nyumbani saa sita mchana. Nilipoingia chumbani kwake na kumwamkia shikamoo, aliweka padi ya kuchezea chini haraka, akaifunika kwa koti.

"Nionyeshe hilo daraja," nilisema.

"Kesho. Nimechoka."

Nikazidi kushuku. Nilitoka nje, nikamkuta mama ameketi jikoni anamenya ndizi, na kando yake mkungu mkubwa kuliko yote ya kibanjani, shamba letu la migomba, ameufunga vizuri kwa majani. Kesho yake angeupeleka kanisani kama shukrani, kwa kuwa kwake yeye kuvuka daraja maana yake mkono umepona. Angesimama mbele ya usharika aseme Mungu ameuponya mkono wa mwanawe, na baada ya ibada mkungu ungepigwa mnada pale nje kama kawaida yetu. Alikuwa ameshamwambia mchungaji, na majirani wawili walikuwa wameshauliza sare za watoto zitaanza kushonwa lini.

Niliogopa kweli. Kudanganya kwenye mchezo ni utoto, lakini sasa mama yangu alikuwa anakwenda kushuhudia uongo madhabahuni, na Jumatatu watu wangeleta vitambaa kwa mtu asiyeweza kukata. Nilimwita kaka aje jikoni na kompyuta yake.

"Kaka, umewasha msaada."

"Sijawasha."

"Fungua tuone."

Akafungua. Msaada ulikuwa umezimwa. Nilitazama mara mbili.

"Basi wameulegeza mchezo."

"Wameukaza zaidi. Kuna popo siku hizi."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu mkono huo hauwezi!"

Kisu cha mama kilisimama kwenye ndizi. Kaka alichukua padi, akaiweka juu ya paja, na kuanza kucheza. Kijitu kiliruka, kikashika mnyororo, kikajipinda chini ya popo, kikaruka tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tu kwenye goti. Kila kitu kilikuwa kinafanywa na wa kushoto.

Sikuwahi kuutazama mkono huo. Kwetu mtoto akipeleka kushoto kwenye sahani anachapwa kofi, na kwa kushoto hupokei, hutoi, husalimii. Miezi yote ile macho yangu yalikuwa kulia. Na kwenye ile orodha, mstari mmoja tu chini ya pale nilipoachia kusoma, walikuwa wameandika kwamba sasa vitufe vyote vinaweza kuhamishiwa upande mmoja.

"Nilificha kwa sababu ulinikataza," kaka alisema. "Niliona aibu. Mama aliposhangilia nikakosa pa kuanzia. Nilitaka nimwambie leo, wewe ukiwepo."

"Waitu, jamani, mwanangu," mama alisema, akaweka kisu kando.

Kaka aliweka padi chini, akanitazama. "Umesema hauwezi. Hukusema 'hauwezi bado'. Wewe umejuaje?"

Ningeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Zile pini," nilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu wa mazoezi."

Alihesabu kwa vidole vya kushoto. Niliomba anitukane, lakini hakunitukana.

"Na mwezi wa tano wa mazoezi waliniita Kyerwa," alisema.

Chuo kimoja cha ufundi huko kilimtaka akafundishe ushonaji. Walijua hali ya mkono wake. Macho na mdomo vingetosha kwa kuanzia, na mkono wa kushoto ungejifunza mkasi taratibu, pamoja na wanafunzi. Mimi ndiye niliyemwambia akatae, kwamba mkono unarudi, asiache duka lake kwa ajili ya chaki. Na barua ya kukataa niliiandika mimi, yeye akinitajia maneno, kwa kuwa hakuweza kushika kalamu.