Kuanguka Ndiyo Kazi Yake

Ndugu yangu mdogo anacheza mpira wa Waamerika, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mpira wenyewe haushiki. Anasimama mbele, anagongana na watu ili mwenye mpira apite. Tulipokimbia vita ya Oicha alikuwa mtoto. Mjomba alivuka naye Uganda, kutoka kambini wakapelekwa Amerika, na shule moja huko ikaona upana wa kifua chake. Sasa analipwa ili agongwe. Mimi siupambi ukweli.

Jumapili jioni tulikuwa tunamtazama kwenye televizyo ya papa, baba yetu, hapa Butembo. Ukungu ulikuwa umeshuka kilimani hadi mlangoni, na ndani ya kioo theluji inaanguka, basi sikujua tena wapi kwetu, wapi kwao. Mtoto wangu alikuwa ananyonya. Wanaume wakubwa walikimbia kwenye weupe ule kama watu wa ndoto, wakianguka, wakiinuka. Wamama wa korali ya kanisa, waliokuja kutazama nasi, walishajifunza: ndugu yangu akianguka, wanapiga vigelegele, maana amefungua njia. Papa ndiye aliyewafundisha.

Akaanguka, wakapiga vigelegele. Hakuinuka. Mikono yake ilibaki juu, vidole vimekakamaa, kama anashika kitu hewani.

"Munyamaze! Hamuoni? Hainuke!"

"We mama mutoto, tuliya," mmoja wa korali akacheka. "Kuanguka njo kazi yake. Unajua mupira kupita papa yako?"

Kesho yake ndugu yangu alipiga simu mwenyewe. Papa aliiweka mezani, wajomba wakaizunguka, namna jamaa inavyokaa ikiwa na jambo la kukata. Pale sisi mabinti hatuna neno, tunaleta chai. Sauti yake ilitoka taratibu, kama anaongea chini ya maji. Munganga, daktari wao, amemwambia, akigongwa hivyo tena, huenda asitambue mtu. Donc, basi, timu inangoja jibu: anarudi ao anaacha?

"Rudia kazi, mutoto wangu," papa akasema. "Butembo yote inakujua. Tutakuombea."

"Ndiyo, papa. Na mama iko wapi? Iko ku shamba?"

Mama tulimzika zamani. Ndugu yangu mwenyewe alilia siku ile kwenye simu hii hii. Wajomba wakatazama vikombe vyao. Papa akakohoa.

"Ndiyo. Iko ku shamba."

Nikatupa sahani ya chai chini, nikaikamata simu.

"Leki, mudogo wangu, mama alikufa. Unasikia? Alikufa, na papa anakudanganya juu ucheze. Acha ile mupira!"

"Rudisha simu!" Papa akapiga meza.

Ng'ambo ndugu yangu akaniuliza:

"Yaya, dada yangu, ni wewe? Nikiacha, papa atasema nini?"

"Atasema mabaya. Mimi nitayasikia mu pahali yako."

"Sawa. Naacha."

Papa alitoka nje bila koti, wajomba wakamfuata. Nikabaki na simu sikioni, nikimweleza polepole jinsi mama alivyokufa, naye akilia kama ndiyo mara ya kwanza.