Breve ya Mama na Maneno Kumi na Mawili

Volkano ilipomwagika nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu katika kukimbia ilikuwa moja tu: kubeba mfuko wa makaratasi. Nikautua njiani nifunge kiatu, nikausahau. Humo mulikuwa na breve ya mama, cheti chake cha ushonaji. Hakunigombeza hata siku moja. Hiyo iliniuma kuliko fimbo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa enfomatiki, masomo ya kompyuta, mimi na wenzangu tulitengeneza tovuti ya kutunzia breve za mafundi. Mwalimu wa zamani wa mama akamthibitishia yake upya. Kuingia hakuhitaji neno la siri: simu hubeba ufunguo, na utambulisho wako uko katika blokicheni, daftari moja linalotunzwa na kompyuta nyingi za mbali. Simu ikipotea, maneno kumi na mawili ya Kifaransa, kwa mpangilio wake, huurudisha ufunguo.

"Andika, ficha, usimwonyeshe mutu," nilimwambia mama, nikijiona mukubwa.

"Karatasi tena? Hapa Goma?"

Akanikaririsha maneno sita ya mwisho. Sita ya kwanza akampa mama mudogo, mdogo wake, muuza samaki wa soko la Kituku, kando ya ziwa. Nilikasirika, yeye akarudi kushona.

Waasi walipokaribia tulipanda boti kwenda Bukavu. Mama mudogo alikataa kuacha samaki zake. Katika msukumano wa bandarini simu ya mama ikapotea, na huko Bukavu ateliye moja ya ushonaji ikamtaka, mradi aonyeshe breve kabla ya saa sita mchana siku ile.

Nikampigia mama mudogo kwa simu yangu, sauti juu, mama akiandika mezani kwa chaki ya kushonea. Akataja sita yake bila kukwama, huku akimfukuza muteja aliyekuwa anashikashika sambaza zake, samaki wadogo wa ziwani. Ikawa zamu yangu. Nikataja matano. La mwisho halikuja. Nikarudia yale matano, nikakwama pale pale.

"Citron," mama mudogo akasema.

"Umelijuaje?"

"Yako yote ninayo. Mama yako alinipa siku ile ile. Alisema, ule mutoto ninamupenda sana, lakini mambo ya kubeba, hapana."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akajifuta macho kwa mita yake ya kupimia kitambaa. Nikacheka naye, na kifua changu kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

Breve ikafunguka kwenye simu yangu, saa sita haijafika, na ateliye ikampokea. Mama akanipa mkasi wake nimbebee mpaka kwenye mashini yake mpya ya kushonea. Ilikuwa hatua kumi hivi. Akatembea nyuma yangu, akiangalia.