Mikono Juu ya Macho ya Dada

Dada yangu aliponiomba nimwekee mikono machoni, nilipaswa kukataa. Ningesema tu kwamba sijui kutibu, na ingekuwa kweli. Badala yake nilimwambia asogeze kigoda kivulini, avue kitambaa cha kichwa, afumbe macho. Nilisugua viganja vyangu mpaka vikapata moto, nikavisogeza karibu na uso wake bila kumgusa, nikaanza kuvuta pumzi taratibu. Wateja wawili waliokuwa wakila sato kwenye benchi lake waliacha kutafuna wakanitazama. Nilijua wananitazama. Nilifumba macho yangu pia, ili nionekane vizuri zaidi.

Hiyo ilikuwa Kigongo, enzi ambapo magari bado yalipanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi. Dada alikuwa na kibanda cha chakula pale, na abiria waliomfahamu walikuwa wakishuka kwenye basi kabla halijasimama sawasawa ili wawahi samaki wake.

Mazoezi yale nilifundishwa na fundi mitambo wa Kichina, mzee wa rika langu, kwenye kambi ya ujenzi wa barabara ambako nilikuwa mtunza stoo kabla sijastaafu. Kila alfajiri alisimama nyuma ya mapipa ya lami, magoti ameyakunja kidogo, mikono mbele kama mtu anayekumbatia kitu kikubwa, akakaa hivyo muda mrefu bila kutikisika. Vijana wa kambini walimcheka, nami nilicheka nao. Lakini mgongo wangu ulikuwa unaniuma, usingizi ulikuwa umenikimbia, na siku moja nikaenda kusimama nyuma yake. Hakushangaa. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache. "Polepole," aliniambia. "Pumua tumbo. Kichwa, acha." Akanigonga magoti yangu kwa mguu wake ili niyalegeze. Mazoezi hayo aliyaita chigong, au ndivyo sikio langu lilivyolipokea jina.

Sitasema kwamba yalikuwa uongo. Mgongo ulipungua kuuma, nikaanza kulala. Kukaa kimya asubuhi, ukisikiliza pumzi yako tu, ni jambo ambalo sikuwahi kufundishwa shuleni wala kanisani, na lilinifaa. Siku moja nilimwonyesha yule mzee goti langu, nikamwashiria aweke mikono yake anitibu. Alicheka sana. Akaingia chumbani kwake, akatoka na kichupa cha dawa ya kuchua, akanipa.

Ningebaki na kile alichonipa, nisingekuwa na cha kuandika hapa. Lakini nilipostaafu nikarudi nyumbani kwangu Mirongo, Mwanza mjini, nilikuwa na simu nzuri na muda mwingi. Nikaanza kutazama video za watu wanaofundisha tiba ya nishati. Walisema mtu aliyefanya mazoezi kwa muda mrefu nguvu hujaa ndani yake, na anaweza kumpitishia mwingine kwa viganja. Nilisimama uani nikajaribu, na kweli viganja vilipata joto, vikawa kama vinavutana. Mke wangu alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Mume wangu stoo ameacha," alisema, "lakini mapipa bado anabeba. Sasa hivi ni ya hewa."

"Hii ni sayansi," nikamwambia.

"Basi hiyo sayansi ikimaliza kukumbatia, inisaidie kuanua nguo. Mvua inakuja."

Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyenivimbisha kichwa. Bega lake lilikuwa limekaza, nikaliwekea mikono, akasema amesikia joto likishuka mpaka kwenye vidole. Wiki hiyo hiyo aliusimulia mtaa mzima. Nikaanza kusikia, "Shikamoo mtaalamu," nikipita. Nilikuwa naitikia marahaba kwa sauti nzito ambayo haikuwa yangu. Katika maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuhesabu mifuko ya saruji ya watu wengine. Hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu wa chochote.

Hapa lazima niseme habari za babu yetu, kwa sababu bila yeye mambo yasingekwenda yalivyokwenda. Babu mzaa baba alikuwa mfumu, mganga wa Kisukuma, na watu walitoka mbali kuja kwenye mji wake. Baba yetu alipobatizwa aliyaacha yale mambo yote, na mimi, niliyezaliwa mwisho, niliyasikia kwa kusimuliwa tu. Dada aliyaona. Alipokuwa msichana mdogo alikuwa akiwachotea maji wagonjwa wa babu. Kwa hiyo habari za mikono yangu zilipofika Kigongo, yeye hakufikiria Mchina wala nishati. Aliona kwamba mkono wa babu umerudi nyumbani, ukaniangukia mimi.

Na pale kwa babu kulikuwa na sharti moja ambalo ukoo mzima tunalijua mpaka leo. Mgonjwa akitaka kuingia kwenye mkono wake, ilibidi aache kwanza dawa ya mtu mwingine. Babu alisema dawa mbili zinagombana mwilini, na hakumgusa mtu aliyekuja na dawa nyingine mfukoni.

Dada alikuwa na presha ya macho. Hospitalini walimpa matone ya kutia kila siku, maisha yake yote. Nilimpeleka mimi mwenyewe, na nilikuwepo daktari alipomweleza kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki. Dada hakuipenda habari hiyo. Matone yalimchoma, na hakuona tofauti yoyote.

"Dawa gani hii," aliniambia tukitoka, "unatia, unalia, halafu unaona vilevile?"

"Ndiyo kazi yake, dada. Uendelee kuona vilevile."

Nilimjibu vizuri siku ile. Kumbe nilikuwa nalijua jibu.

Baada ya ile mara ya kwanza, nikawa naenda Kigongo kila wiki. Alikaa kwenye kigoda amefumba macho, mimi nimesimama mbele yake, na watu wakanyamaza. Nikimaliza alifungua macho akaangaza huku na huku. "Leo kumepambazuka," alikuwa akisema. Leo nafikiri alikuwa amepumzika tu. Mwanamke anayeshinda kwenye moshi wa kuni tangu alfajiri, ukimkalisha kivulini macho yamefumbwa, lazima aone nafuu. Lakini siku zile nililichukua neno lake kama cheti. Abiria nao wakaanza kuniomba niwaguse viuno na magoti wakati wakisubiri kivuko.

Kichupa cha matone dada alikihifadhi kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, kipate ubaridi. Siku moja nilikwenda kuchota maji ya kunawa, nikaona kichupa hakipo.

"Dada, matone yako wapi?"

Alikuwa akiparua samaki. Hakuinua kichwa. "Nimeyaacha. Kwani babu alikuwa anakubali kuchanganya?"

"Hakuwa anakubali," nikasema.

"Basi."

Kisu kiliendelea kuparua. Maneno ya daktari yalikuwa kichwani mwangu yote, neno kwa neno. Nilikuwa na kata ya maji mkononi na nafasi ya kutosha ya kusema. Sikuwa na shaka kwamba matone yanahitajika. Nilichokuwa nacho ni tamaa. Kama angeendelea na matone, watu wangesema ni matone. Nilitaka wakisema dada amepona, waseme ni mimi.

"Wewe ndiye unayeujua mwili wako," nikamwambia, nikanawa mikono.

Hakuanza kupoteza macho mara moja. Ugonjwa ule unakula kuanzia pembeni. Mteja akimwamkia kutoka upande, hakuitikia mpaka asemeshwe tena, halafu akageuza kichwa chote kama kuku.

"Mama siku hizi ana maringo," dereva mmoja wa lori alitania. "Mpaka umwamkie mara mbili kama mke wa mkuu wa mkoa!"

"Na wewe uso wako huo nani ana haraka ya kuuona?" dada akamjibu, benchi zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Juma lililofuata alimwaga mchuzi wa moto mapajani mwa mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni yake kabisa. Hakumwona. Alipiga magoti akamfuta kwa khanga yake mwenyewe huku akiomba radhi, na hakuna aliyecheka.

Aliniuliza kama ni dalili mbaya. Nilimjibu kama walivyosema kwenye video, kwamba nishati ikianza kufungua njia, mwili huvurugika kwanza kabla haujatulia. Nililisema hilo huku nimemshika bega. Alishukuru.

Nilimsimulia mke wangu habari za mchuzi kama mtu anayesimulia ajali ya kawaida. Alikuwa ananiwekea chai. Akasimama na birika mkononi.

"Na matone anatia?"

"Ameacha. Sharti la babu."

Mke wangu alikwenda chumbani, akarudi na vidonge vyangu vya presha, akaviweka mezani mbele ya kikombe. Nina presha ya kupanda, miaka mingi sasa. Kila asubuhi nilikuwa nafanya chigong uani, halafu naingia ndani nameza kidonge. Sikuwahi kuruka hata siku moja.

"Hivi mbona wewe hukuviacha?" aliniuliza. "Au babu sharti aliliweka kwa wanawake peke yao?"

Kidonge nilikimeza. Kesho yake nilimchukua dada kwenda hospitali.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na kijinafasi kidogo cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Daktari aliuliza matone yaliachwa lini na kwa nini. Nilikuwa nimekaa pale pale, kiti cha pili.

"Yaliniisha, daktari," dada akasema. "Nikazembea."

Alizembea! Yeye ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kulala na chungu kichafu. Alinilinda mbele ya daktari kama alivyonilinda nilipokuwa mtoto, na mimi nikaangalia ukutani nikaacha lawama imwangukie. Daktari alimgombeza kwa adabu, akamwandikia matone mapya. Alitia kwa uaminifu. Hata hivyo tulikuwa tumechelewa, na kale kanafasi kakafungika kidogo kidogo mpaka kakaisha.

Kibanda kilifungwa wakati ule ule ambapo daraja jipya la kwenda Busisi lilianza kazi na mabasi yakawa yanapita juu bila kusimama. Watu wa Kigongo wanaamini mama yule alifunga kwa kukosa wateja baada ya kivuko kuacha kazi. Nimesikia wakisema hivyo mbele yangu, wakinipa pole. Sijawasahihisha.

Tulimleta kwetu Mirongo. Mke wangu alimfundisha njia ya kwenda chooni kwa kugusa ukuta. Mimi niliacha kumwekea mtu yeyote mikono, na wale wa "mtaalamu" niliwaambia nimechoka, neno ambalo pia halikuwa kweli yote. Dada hakunilaumu. Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Mdogo wangu, acha kujitesa," alisema. "Tuliamini wote wawili. Mtu haadhibiwi kwa kuamini."

Ningeweza kuipokea huruma hiyo nikakaa nayo. Nilijaribu, siku kadhaa. Lakini kila asubuhi nilipomeza kidonge changu, yeye akiwa chumba cha pili anapapasa ukuta, nilikuwa naona kama ninaiba. Mwishowe nikamwambia.

"Dada, mimi sikuamini kama wewe. Nina vidonge vya presha. Sikuviacha."

"Wakati ule wa kunitibu?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, dada."

Kulikuwa na redio ya jirani, na yeye aligeuza uso upande wa redio kana kwamba anataka kusikiliza taarifa ya habari.

"Na ulijua matone nimeacha."

"Nilijua."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimwita mke wangu kwa upole, "Wifi, nishike mkono niingie ndani." Sikumshika mimi, na hakuniomba. Mwisho wa juma binti yake alikuja kutoka Geita kumchukua. Nilibeba mfuko wake mpaka kwenye gari. Aliniaga kwa adabu, kama unavyoagana na mtu aliyekupa hifadhi njiani.

Nikimpigia simu anapokea. Anauliza hali ya wifi yake, anauliza mvua za Mwanza, anasema Mungu akubariki, anakata. Hajaniita mdogo wangu tangu siku ile ya redio. Nilitaka kuitwa mtaalamu, nikaitwa kwa muda mfupi. Kwa ajili hiyo dada yangu amekuwa kipofu wa macho yote mawili, amepoteza kazi aliyoipenda, na mtu pekee aliyenilea na bado yu hai hataki tena kukaa karibu nami.