Kitambaa Chekundu cha Bububu

Nilirudi nyumbani kwa sababu ya kasha la vipimo. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami niko Uingereza nasomea udaktari wa uhandisi wa udhibiti, yaani elimu ya kuufanya mtambo ujipime na kujirekebisha wenyewe. Nilikuwa nimebuni chombo cha kuzima pampu tangi la maji linapojaa. Idara yangu chuoni iliniahidi kazi ya uhadhiri endapo ningeleta vipimo kamili: kwanza vya mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mkono, kisha vya chombo changu. Mtu wa namna hiyo nilimjua tangu kuzaliwa kwangu. Alikuwa baba yangu. Sikujiuliza, chombo kikimshinda, yeye atakula nini, maana nilikuwa kijana, na kijana aliyesoma nusu hujiuliza maswali ya kitabuni tu.

Bandarini Unguja, afisa wa forodha alilifungua kasha langu akaona saa, karatasi na kalamu yenye mkono mrefu.

"Gramafoni hii?"

"Hapana, bwana. Ya kupimia maji."

"Maji hupimwa kwa debe," akasema, akalipiga muhuri.

Asubuhi ya pili nilivuka Darajani hadi Ng'ambo, nikakodi baiskeli, nikalifunga kasha nyuma kwa kamba ya usumba wa nazi. Njia ya Bububu ilifuata mahali ilipokuwa reli ya zamani, na harufu ya nazi za mbata zinazokauka ilinipokea kabla sijaona nyumba hata moja. Kila nilipopita kwenye shimo niligeuka kuliangalia kasha. Nililichunga kama yai, na nadhani baba hakuwahi kuchungwa nami hivyo.

Bububu, tangi lilikuwa juu ya kilima kidogo ndani ya shamba la minazi lenye kiwanda cha sabuni. Kisima na pampu vilikuwa bondeni. Kazi ya baba ilikuwa kukaa kando ya tangi tangu asubuhi, akayatazama maji yakipanda. Yakifika shubiri moja chini ya ukingo, alisimama akainua mti wenye kitambaa chekundu, na mwendesha pampu kule chini akazima injini. Kwa kitambaa hicho nilisomeshwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Alinipa mkono, nikaubusu. "Nnasikia umekuja kunipima."

"Si wewe, Baba. Kazi yako."

"Kwani mie na kazi yangu tumeachana lini?"

Juma la kwanza kasha lilikaa juu ya tangi na kalamu yake ikachora kimo cha maji usiku na mchana. Jumamosi hadi Alhamisi nilistaajabu. Kila siku mstari ulikoma palepale, bila tofauti ya unene wa kidole. Niliona fahari, nikaona na wivu kidogo, maana chombo changu kule maabarani hakikuwahi kutulia vile. Ijumaa mstari ukapanda mpaka ukingoni, ukalala hapo karibu saa nzima. Tangi lilikuwa likimwagika. Nikasema moyoni, mzee amesinzia.

Juma la pili likawa hivyohivyo. Safari hii niliogopa macho yake. Nikamwuliza, kama mtu anayezungumza tu, kama anamwona kuku aliye kando ya pampu.

"Yule mweusi au yule mwenye kishungi?" akajibu. Mimi kishungi sikukiona.

Ijumaa ya tatu nilijificha nyuma ya tangi. Baba alikuwa macho, kitambaa mapajani, tasbihi mkononi, akiyatazama maji yakifurika na kuanguka. Hakusimama. Nikayafuata yale maji. Yaliingia katika mfereji mwembamba uliofunikwa kwa makuti, yakateremka upande wa pili wa kilima, yakapita chini ya ua wa shamba na kumiminika katika birika la msikiti mdogo. Wanaume walikuwa wameshaanza kutawadha kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Pembeni, wanawake walipanga madebe yao wakingoja zamu.

Bi kizee mmoja aliyekuwa akifagia ua wa msikiti alinitazama kwa wasiwasi. Nilipolitaja jina la baba uso ukamchangamka.

"Mwana wa mzee wa kitambaa! Karibu, karibu. Mie Bi Mwanaidi. Kisima chetu kimeingia chumvi, na mwenye shamba tumemwomba mpaka tumechoka. Basi tunaishi kwa Ijumaa. Usije ukasema, mwanangu."

Niliporudi kilimani injini ilikuwa imekwisha zimwa na baba alikuwa akikikunja kitambaa. Hakunitazama.

"Ushajua," alisema.

"Nshajua."

"Basi andika. Ndilo lililokuleta."

"Mwenye shamba atakufukuza, Baba."

"Atanifukuza. Hilo nlilijua tangu Ijumaa ya kwanza. Lakini nambie kitu kimoja, wewe uliyesoma. Huo mtambo wako utajua kama leo Ijumaa?"

Nilikuwa na jibu. Ningeweza kumweleza habari za saa na swichi. Niliona haya kulitoa, kwa kuwa katika kazi yangu yote ya miaka miwili swali lenyewe sikuwahi kuliuliza. Nilipima kimo cha maji, nikapima mwendo wa pampu, nikapima na uchovu wa baba yangu, lakini sikumwuliza mtu yeyote maji yale yanakwenda wapi.

Juma la nne nilifunga chombo changu: boya lililopanda pamoja na maji na kuvuta waya wa kuzima injini. Kilifanya kazi vizuri, na Ijumaa hiyo birika la msikiti lilikaa kavu. Usiku ule sikula, na baba hakunilazimisha.

Siku ya kuondoka nilipeleka taarifa barazani kwa mwenye shamba, aliyeniruhusu kupima kwa sharti hilo. Baba aliitwa naye, akasimama kando ya nguzo. Mwenye shamba alizikunjua karatasi, akapitisha kidole juu ya mistari mpaka kikakwama.

"Hapa maji yamemwagika. Na hapa. Na hapa tena. Sababu yake nini?"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameniinamishia kichwa kidogo, kama anayenipa ruhusa.

"Sababu haijulikani, Bwana," nikasema.

"Uzee tu. Chombo chako ndiyo dawa."

"Chombo chataka mtu wa kusafisha boya kila siku, la sivyo litakwama kwa tope." Hilo lilikuwa kweli. Mwenye shamba akafikiri, akaelekeza kidevu kwa baba, na kazi ikawa yake.

Njiani nilitarajia shukrani. Baba aliisukuma baiskeli yangu mpaka barabarani, kisha akanikabidhi mishikio.

"Sikukusomesha useme uongo kwa ajili yangu," alisema. "Maji nimeyaiba mie. Uongo umeusema wewe. Sasa tuko wawili." Akageuka akapanda kilima. Nililia kwenye baiskeli, mtu mzima mwenye suruali ya sufu, mpaka nikaingia mjini.

Uingereza niliiandika sentensi ileile katika tasnifu yangu: sababu haijulikani. Watahini walinisifu kwa uangalifu, wakasema kijana huyu hadai jambo asilo na ushahidi wake. Nikapewa uhadhiri, na baada ya miaka kiti cha uprofesa. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu wetu. Yangu ilinifikisha mbali sana. Nimefundisha maelfu ya saa namna ya kulipunguza kosa la mtambo, na kila mwaka, somo la kwanza, huchora tangi ubaoni na kuwauliza wanafunzi: mtambo huu ukikosea, nani anakunywa? Hucheka. Wanadhani ni mzaha wa mzee.

Miezi michache baada ya safari ile nilipata barua ya baba, kwa herufi za Kiarabu na mkono wake mwenyewe. Alinisalimu, akanipa habari za mvua, kisha akaandika:

"Mtambo wako mzuri, haujakosea hata siku moja. Kwa hiyo kila Ijumaa nalifunga boya kwa kile kitambaa chekundu lisipande, mpaka Bi Mwanaidi aniashirie kuwa birika limejaa. Nawe siku ukiweza, futa ule uongo. Andika sababu."

Mwenye shamba hayupo tena, wala baba, wala Bi Mwanaidi. Nimestaafu mwezi uliopita. Sababu ndiyo hii.